Ekografi, skana, IRM au EEG: tuanze na kipi kwa mtoto?

Baba mmoja alifika kwetu asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi ikiwa bado kali, mtoto amemfunika ndani ya koti lake. Mama alikuwa nyuma na mfuko wa nailoni uliojaa makaratasi. Hata kabla ya kuketi, baba akaniambia mimi muuguzi: "Mama, tumeuza kiwanja cha Kalebuka. Utuombee kwa dokta atuandikie IRM, ile mashine kubwa. Vipimo vidogo vimetuchosha."

Mtoto alikuwa na miezi mitano. Kichwa kilikuwa kimeutangulia mwili, mishipa imejichora kwenye paji la uso, macho yameelekea chini kama jua linalotua, weupe unaonekana juu ya mboni. Nilipitisha kiganja kichwani. Utosi ulikuwa wazi, mpana, umetuna hata akiwa ametulia.

IRM, picha inayopigwa kwa sumaku, haikuhitajika siku ile. Kilichohitajika ni ekografi ya kupitia utosini. Daktari wa picha alipaka jeli ya vuguvugu, akaweka kichwa cha mashine juu ya utosi, na mama akaendelea kunyonyesha. Kwenye skrini vikatokea vyumba viwili vya maji ya ubongo, vyeusi, vimetanuka kama mabawa ya popo. Kichwa maji. Haikufika robo saa. Pesa ya kiwanja ilibaki mfukoni ikaenda kulipia upasuaji, na huko ndiko ilikokuwa inangojewa.

Nafanya uuguzi wa watoto katika mji huu kwa miaka mingi sasa, na familia kama ile nakutana nayo karibu kila wiki. Watu wameamini kwamba kipimo ghali ndicho kipimo cha kweli. Naandika ili mzazi wa Katuba, Ruashi, Likasi au Kasumbalesa ajue cha kuuliza kabla ya kutoa pesa. Anayeandika kipimo ni daktari wako, lakini mzazi anayeelewa humsaidia daktari kuandika kilicho sawa. Mambo yanayoamua ni matatu: tunatafuta nini, mtoto ana umri gani, na jibu linatakiwa baada ya saa moja au linaweza kungoja mwezi.

Utosi ni dirisha, na linafungwa

Ekografi hutumia mawimbi ya sauti. Fuvu la mtu mzima huyazuia, lakini mtoto mchanga amezaliwa na nafasi laini kati ya mifupa ya kichwa. Utosi wa mbele hujifunga mara nyingi kati ya miezi 9 na 18. Picha bora hupatikana katika miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo nafasi inazidi kuwa ndogo na daktari huona sehemu ya katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Katika kipindi hicho sioni kipimo kinachoishinda kwa kichwa maji, wala kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32, mishipa iliyo kando ya vyumba vya maji ni dhaifu sana, na ikivuja damu huvuja mara nyingi ndani ya siku 3 za kwanza. Mtoto wa kilo moja na robo aliye ndani ya kuveuzi, lile sanduku la joto, mwenye oksijeni puani, huwezi kumpitisha kwenye baridi ya uani hadi chumba cha skana. Ekografi humfuata alipo. Haina mionzi, haihitaji dawa ya usingizi, na inaweza kurudiwa kila wiki bila kumwongezea madhara. Uvujaji huo hupangwa kwa madaraja 4, mpango uliotoka mwaka 1978. Daraja la 1 na la 2 ni damu kidogo, na watoto wengi hukua vizuri. La 3 ni damu iliyojaza vyumba na kuvitanua. La 4 ni damu iliyoingia kwenye nyama ya ubongo yenyewe. Ukiambiwa tu kwamba mtoto ana damu kichwani, uliza ni daraja la ngapi, kwa sababu kati ya la 1 na la 4 kuna umbali mkubwa.

Inaposhindwa, inashindwa kweli. Damu iliyotandaa pembeni chini ya fuvu inaweza kuikwepa. Ubongo mdogo ulioko nyuma, juu ya shingo, huonekana kwa shida. Mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa na ekografi safi siku ya kwanza, huku madhara ya kukosa hewa yakiwa yameshaanza. Tena ekografi hutegemea sana mkono na jicho la anayeipiga. Mtaalamu wa mimba si lazima awe amezoea ubongo wa mtoto. Usione haya kumuuliza kwa heshima: "Dokta, kichwa cha mtoto huwa unakipiga mara kwa mara?" Mwenye kukijua hatakasirika.

Kabla ya ekografi yenyewe kuna kipimo ambacho nakipenda kuliko vyote, nacho ni utepe wa fundi cherehani. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni huwa na mzunguko wa karibu sentimeta 35. Miezi mitatu ya kwanza hukua takriban sentimeta 2 kila mwezi, mitatu inayofuata sentimeta 1, kisha nusu sentimeta hadi mwaka. Zungusha utepe juu ya nyusi na juu ya kisogo pale palipochomoza zaidi, andika namba pamoja na tarehe. Namba tatu zilizoandikwa kwa miezi mitatu humwambia daktari zaidi ya picha moja. Kichwa kikizidi kasi hiyo, ekografi ifanywe wiki hiyohiyo. Nimeona familia zikingoja mtoto "apate nguvu kidogo kwanza", na utosi ukawa unafungwa huku maji yanakandamiza ubongo.

Hao wa kichwa maji nawataja kwanza kwa sababu ndio wanaochelewa zaidi kwetu, na ndio wanaoweza kusaidiwa. Katika nchi za Afrika Mashariki wengi hukipata baada ya maambukizi ya siku za kwanza za maisha. Hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, ilijijengea jina kwa hilo. Huko daktari Benjamin Warf aliendeleza upasuaji wa kutumia kamera ndogo: hutobolewa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, na sehemu inayotengeneza maji huchomwa ili ipunguze. Mtoto anaweza kuepuka kuishi na mrija unaoteremka hadi tumboni, ambao huenda ukaziba wakati yuko mbali na hospitali. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Mbale uliolinganisha njia hizo mbili kwa watoto 100, na baada ya mwaka mmoja akili za makundi yote mawili zilikuwa zinalingana. Kwa wetu, hospitali ya CURE ya Lusaka, Zambia, iko karibu zaidi kuliko Uganda.

Skana na IRM, ana kwa ana

Jambo dogo kwanza. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, IRM wanaiita MRI na skana wanaiita CT. Ni vipimo vilevile. Kuna watu waliolipa mara mbili wakidhani wanapata kitu kipya.

Skana ni eksirei inayozunguka kichwa, halafu kompyuta inajenga picha kipande kwa kipande. Hesabu zake zilifikiriwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, akiwa katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Mashine ya kwanza iliyompiga picha mgonjwa ilikuwa ya Godfrey Hounsfield, London, tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1979. Kwa hiyo sehemu ya mwanzo wake iko katika bara letu.

Nguvu ya skana ni haraka. Kichwa chenyewe hupigwa kwa sekunde chache, na watoto wengi hawahitaji kulazwa usingizi kwa dawa, inatosha mama awe karibu na blanketi lifungwe vizuri. Huonyesha damu mbichi, fuvu lililovunjika, maji yaliyozidi, na madoa ya chokaa yanayoachwa na maambukizi ya tangu tumboni au na mabuu ya minyoo ya nguruwe. Dawa ya rangi ikiingizwa kwenye mshipa, usaha huonekana, na vilevile utando wa ubongo uliovimba kwa kifua kikuu.

Sasa mionzi. Hapa Katanga neno hilo lina uzito wake. Tumekua tukisikia habari za Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya mabomu ya 1945, na mzazi akisikia "mionzi" hufikiri kitu kinachobaki mwilini. Eksirei haibaki. Mashine ikizimwa imekwisha, mtoto anaweza kunyonya na kubebwa na yeyote. Hata hivyo kila dozi ina hesabu yake. Skana moja ya kichwa, ikifanywa kwa kipimo cha mtoto, humpa mionzi inayokaribia ile ambayo kila mtu huipata kutoka ardhini na angani kwa karibu mwaka mmoja. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kwa kila skana 10,000 za kichwa kwa watoto wa chini ya miaka 10, huongezeka mgonjwa 1 wa saratani ya damu na 1 wa uvimbe wa ubongo katika miaka 10 inayofuata. Ni hatari ndogo sana. Kwa mtoto aliyegongwa na pikipiki akapoteza fahamu, usiiwaze hata kidogo, mpeleke. Kwa mtoto anayeumwa kichwa tu baada ya kukaa juani, au skana ya tatu ndani ya mwaka "ili tuangalie tena", hapo una haki ya kuuliza: jibu la kipimo hiki litabadilisha nini katika matibabu? Uliza pia kama mashine imewekwa kwenye dozi ya mtoto. Si kila mahali wanakumbuka kuibadilisha.

IRM ni sumaku. Haina eksirei kabisa. Nyingi ya mashine hizo zina koili ya nyaya za madini maalumu zilizofunikwa kwa shaba, zikipozwa kwa heliamu ya maji kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Shaba yenyewe, hiyo ambayo mkoa wetu uliwahi kuitwa kwa jina lake, haivutwi na sumaku. Bangili ya shaba haitaruka, ila inaweza kupata moto na kuharibu picha. Kinachoruka ni chuma. Siku moja nilimsindikiza mtoto wa miaka miwili, na mlangoni fundi alituuliza mara tatu kama tuna chuma chochote. Tukasema hatuna. Akamfunua mtoto mwenyewe. Ndani ya nepi ya kitambaa, upande wa ndani kabisa, kulikuwa na pini ya usalama ambayo bibi aliifunga alfajiri. Mama alishika mdomo. Pini ile ingevutwa pamoja na nyama. Tangu siku ile nami nawavua watoto nguo zote nyumbani kwa maneno kabla ya kuwavua hospitali: nepi, kamba ya kiunoni, hirizi, hereni, soksi yenye uzi wa kung'aa.

Muda wa IRM ni dakika 20 hadi 45, na mtoto asitikisike. Mlio wake ni kama fundi anayegonga bati karibu na sikio, kwa hiyo lazima azibwe masikio. Mtoto wa chini ya miezi 3 hunyonyeshwa, hufungwa blanketi, na mara nyingi hulala mwenyewe. Kuanzia hapo hadi miaka 6 hivi, wengi huhitaji dawa ya usingizi. Watu husema IRM ni salama kwa sababu haina mionzi, na hawataji dawa hiyo. Mtoto aliyelazwa usingizi anahitaji mtaalamu wa usingizi aliye pale pale, oksijeni, na kifaa cha kuangalia pumzi. Kama vitu hivyo havipo, mimi nisingemwingiza wangu.

Lakini kwa kuona kwa undani, IRM haina mshindani. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, IRM ya kati ya siku ya 3 na ya 7 huonyesha ni sehemu zipi zimeumia. Kifafa kisichokubali dawa mbili, IRM huweza kuonyesha kipande kidogo cha ubongo kilichojipanga vibaya tangu tumboni, ambacho skana haikioni. Uvimbe wa nyuma ya ubongo pia ni wake. Ila kuna tahadhari ambayo wazazi hawaambiwi: ubongo wa mtoto wa chini ya miaka 2 bado unavikwa mafuta yake, na kwa sababu hiyo katika miezi ya kwanza kile ambacho kwa mtu mzima ni cheupe, kwake ni cheusi, na kinyume chake. Asiyezoea watoto anaweza kuona ugonjwa pasipokuwa nao, au akaukosa uliopo. IRM nzuri iliyosomwa vibaya ni pesa iliyopotea, na wakati mwingine ni dawa isiyo yake.

Uamuzi wangu, kwa mji wetu, ni huu. Jambo la leo, yaani ajali, kuzimia ghafla, kutapika kunakoambatana na kichwa kinachokua kwa mtoto ambaye utosi umeshafungwa, ni skana. Jambo la miezi, yaani kifafa kigumu, kuchelewa kukua kusiko na sababu, mwili kupungua nguvu upande mmoja polepole, ni IRM, hata kama inabidi kungoja wiki mbili upate msomaji mzuri. Skana isikubaliwe badala ya IRM kwa sababu tu ndiyo iliyopo, maana ikitoka safi itawatuliza wakati haikupaswa kuwatuliza. Hilo nalijua ndani ya familia yangu.

EEG haipigi picha

Mtoto wa mdogo wangu alipofika miezi sita alianza kufanya kitu kidogo. Akiamka usingizini anainamisha kichwa, mikono inafunguka, kama mtu anayesalimia wakubwa. Anarudia mara kumi, kumi na tano, kila moja haifiki sekunde mbili, halafu analia. Bibi alisema ni tumbo. Walimpeleka hospitali moja ambayo sitaitaja. Boni, ile karatasi ya kuagiza kipimo, iliandikwa maneno mawili tu: "skana, kichwa". Majibu yakaja: safi. Wakaambiwa mtoto mzima, warudi nyumbani. Nami nilipopigiwa simu nikafurahi, nikasema tumshukuru Mungu. Mimi muuguzi.

Wiki tano zilipita. Mtoto akaacha kucheka, akaacha kufuata kijiko kwa macho. Ndipo mdogo wangu alipomrekodi kwa simu jikoni, sufuria ya bukari ikiwa nyuma, akanitumia. Nilitazama mara moja nikasimama. Daktari wa watoto hakuhitaji hata dakika nzima ya ile video. Wiki iliyofuata EEG ilifanywa, na karatasi ilijaa mawimbi makubwa yasiyo na mpango wowote. Ugonjwa huo unaitwa wa West. Mwaka 1841 daktari wa Uingereza, William James West, aliandika barua katika jarida la Lancet akieleza salamu hizohizo alizoziona kwa mwanawe mwenyewe. Hakuwa na mashine hata moja. Alikuwa na macho ya baba.

Ugonjwa huo huanza mara nyingi kati ya miezi 3 na 12, na kila wiki inayopita bila dawa inahesabika. Dawa zake ni za aina ya homoni, kama prednisoloni, au vigabatrini. Skana huweza kuwa safi kabisa huku ubongo unaungua kwa umeme wake. Yule wetu leo anatembea, lakini maneno yalimchelewa sana. Kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba ni zile wiki tano. Zinaniuma hata hivyo.

Basi EEG ni nini? Ni vidoti vya waya vinavyobandikwa kichwani kusikiliza umeme mdogo wa ubongo. Hans Berger wa Ujerumani ndiye aliyeurekodi kwa binadamu mwaka 1924. Haitoi picha ya umbo. Huonyesha mwendo. Skana na IRM hukuambia nyumba imejengwaje, EEG inakuambia nyaya zake zinawaka namna gani. Haina mionzi, haina sindano, na ni nafuu kuliko IRM. Kwa mtoto mwenye degedege bila homa, au anayeganda akitazama tu, au anayefanya zile salamu, EEG itangulie au iende pamoja na picha.

Nayo ina mipaka. EEG moja ya nusu saa huweza kutoka safi kwa mtoto mwenye kifafa kweli, kwa sababu siku hiyo ubongo ulitulia. Ndiyo maana anatakiwa alale wakati wa kipimo: mcheleweshe kulala usiku, muamshe mapema, usimwache asinzie kwenye taksibasi. Mfumue nywele, mwoshe, usimpake mafuta wala pomada. Nimeona mama akirudishwa Ruashi kwa sababu ya misuko aliyomsuka mtoto ili apendeze mbele ya daktari. Na video ya simu iende pamoja na boni. Mrekodi mwili mzima, mwanga uwe wa kutosha, usimshike mikono.

Ameanguka, amezimia, amechelewa

Mtoto akianguka toka kwenye mwembe, si kila anguko linahitaji skana. Utafiti mkubwa wa Marekani Kaskazini uliochapishwa mwaka 2009, wenye watoto zaidi ya 42,000, ulitoa alama ambazo hospitali nyingi huzifuata. Kwa wa chini ya miaka 2, asiye na alama hizi yuko katika hatari ndogo sana: fahamu zimebadilika, uvimbe wa kichwa usio wa paji la uso, kupoteza fahamu kwa sekunde 5 au zaidi, kuanguka toka juu ya karibu mita 1 au kugongwa na gari, mfupa unaobonyea, na neno la mwisho ambalo nalipenda: mzazi anasema mtoto wangu hayuko kama kawaida yake. Kwa mkubwa zaidi huongezwa kutapika na maumivu makali ya kichwa, na kimo cha kuanguka huwa mita 1 na nusu. Mtoto aliyelia palepale, akanyonya, akacheza, na ana nundu ya paji la uso tu, huangaliwa kwa saa chache bila mashine.

Mtoto wa malaria aliyezimia ni jambo jingine. Hapo mashine ya picha si ya kwanza, na safari ya kuitafuta usiku inaweza kumuua. Kwanza sukari ya damu, kipimo cha malaria, artesunati ya mshipa, na maji ya mgongo yatolewe pale daktari anapoona inafaa, ili kujua kama ni homa ya uti wa mgongo. Malawi walifanya jambo kubwa: katika hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, watoto wenye malaria ya kichwani walipigwa IRM. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto walikuwa 168, na kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu walipolazwa. IRM ile iliwafundisha madaktari jinsi malaria inavyoua. Kitandani kwako haibadilishi dawa ya usiku ule.

Degedege ya homa ya kawaida, ya dakika chache, mwili mzima, kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 ambaye baadaye ameamka na kucheza, haihitaji skana, IRM wala EEG. Tafuta chanzo cha homa.

Mtoto aliyechelewa kukaa au kutembea, wazazi hutaka picha kabla ya lolote. IRM inafaa, kwa utulivu, lakini mtindio wa ubongo hutambuliwa kwa kumchunguza mtoto mwenyewe. Takriban mtoto 1 kati ya 10 wenye mtindio ana IRM safi. Usiruhusu mazoezi ya viungo yasubiri picha. Kuna hata magonjwa ambayo picha kwa kawaida huwa safi na mtoto hawezi kutembea: konzo, ile ya mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, iliyoelezwa huko Kwango, nchini kwetu Kongo, na daktari Trolli mwaka 1938. Kwa konzo swali la maana ni "mmekula nini mwezi uliopita?"

Kabla ya kutoka nyumbani

Soma boni. Kama imeandikwa jina la mashine tu, mrudie daktari umwombe aongeze mstari mmoja: umri, kinachoonekana, kinachotafutwa. "Miezi 5, kichwa kimekua sentimeta 4 ndani ya mwezi, tunatafuta maji." Mstari huo ndio unaomwambia msomaji wa picha aangalie wapi.

Piga simu asubuhi ya siku yenyewe uulize kama mashine inafanya kazi na kama umeme upo. Uliza bei yote kwa pamoja: kipimo, dawa ya rangi, mtaalamu wa usingizi, filamu. Nimeona watu wakilipa kipimo halafu wakakwama kwa kukosa pesa ya usingizi, mtoto ameshinda njaa bure. Kuhusu njaa hiyo, kanuni ya kawaida kabla ya dawa ya usingizi ni saa 6 bila chakula wala maziwa ya kopo, saa 4 bila ziwa la mama, saa 2 bila maji. Asifungishwe tangu jana jioni. Kwa mtoto mdogo kufunga kupita kiasi kunashusha sukari.

Mtoto aliyewekewa mrija wa kichwa maji, sema hivyo mapema. Mirija mingi inavumilia IRM, lakini aina fulani yenye vali inayorekebishwa kwa sumaku lazima ikaguliwe baada ya kipimo.

Mwisho omba CD. Karatasi ya majibu, ile tunayoita protokole, ni maneno ya mtu mmoja kuhusu picha. Daktari wa upasuaji wa Lusaka atataka kuziona picha zenyewe, na bila CD atakupigisha tena, mtoto apate mionzi mara ya pili na wewe ulipe mara ya pili. Mwambie fundi aifungue CD mbele yako kwenye kompyuta yake, uone kichwa cha mwanao na jina lake limeandikwa sawasawa, ndipo uitie kwenye mfuko.